Kibali cha Kuchajia Gari Nisilo Nalo

Jumatatu, 4 Machi 2019

Naanza shajara leo. Mtu anayekaribia kupanda daraja inafaa aache kumbukumbu. Daftari nimelinunua kwa mchuuzi mjini, lina picha ya paka kwenye jalada. La maana halikuwepo.

Mvua kazini. Mimi ni mlinzi wa geti kwenye nyumba kumi na mbili zilizozungushiwa ukuta mmoja huko Parkhurst, mtaa wa wenye nazo. Miaka sita nabonyeza kitufe. Geti linafunguka, geti linafungwa. Leo mama wa namba nne, mwenye kampuni ya maua, amefungiwa sanduku jeupe ukutani la kuchajia gari lake. Gari la umeme. Halitoi sauti. Limenikosakosa mara mbili.

Mama akanipa karatasi zake nimshikie wakati anatafuta miwani. Nikasoma. Sikuchungulia, zilikuwa mkononi mwangu. Barua ya ofisi ya umeme ya mji, nambari ya faili, cheti cha fundi, sahihi tatu. Kisha nikamsikia akimwambia fundi kwamba gharama yote ataiondoa kwenye kodi.

Nikasimama pale mvuani, viatu vinaingiza maji. Kumbe serikali hii inamshukuru mtu kwa kutundika sanduku ukutani, na mimi muda wote huo nabonyeza kitufe.

Mpango: kibali kwanza. Kibali kitaleta punguzo la kodi, punguzo litakuwa malipo ya mwanzo ya gari, na gari likifika litakuta sanduku linalisubiri. Mtu wa kawaida angeanza na gari. Lubumbashi nilikuwa karani wa mafaili miaka mitano. Nimeona kwa macho yangu watu wakipata nyumba kwa sababu tu faili la nyumba lilikuwa na jina lao. Karatasi hutangulia, kitu hufuata.

Mke wangu sijamwambia. Bado mapema.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia. Nilishindwa kujizuia.

Tunaishi Bertrams, chumba kimoja na gereji nyuma ya nyumba ya zamani yenye wapangaji wengi. Gereji ndiyo karakana ya Mama Chloé. Léocadie ndilo jina lake, lakini tangu azaliwe binti yetu sijalitumia ila tukigombana. Ana mashine tatu: mbili za kushonea na moja ya overloki, ya kufunga kingo za kitambaa. Sasa anashona majoho arobaini na mawili ya kwaya ya kanisa, yanatakiwa kabla ya Jumapili ya Matawi. Akiyamaliza kwa wakati, makanisa mengine matatu yatampa kazi, naye atapanga duka la kweli mjini, lenye dirisha. Amelizungumzia dirisha hilo tangu mwaka juzi.

Nikaingia, nikapima ukuta kwa macho. Akauliza natafuta nini. Nikaeleza yote. Akauliza, "Papa Chloé, gari iko wapi?"

Nikasema linakuja. Akauliza linatoka wapi. Nikaanza upya kueleza kuhusu faili. Akasema ukuta ule una pasi yake, mkasi wake na kalenda, na gari lisilokuwepo halihitaji ukuta. Halafu akanipa ncha ya futi nimshikie.

Mwanamke mzuri sana, ila haoni mbali.

Alhamisi, 7 Machi

Ofisi ya kodi. Foleni kwa saa tatu nzima. Nimekaa kati ya bwana aliyekuwa akikohoa na bwana aliyekuwa akimkoholea yule wa kwanza.

Dada wa kaunta alikuwa na adabu. Nikamwambia nimekuja kuchukua punguzo la chaja ya gari la nyumbani. Akaniomba nambari ya mlipakodi. Sina. Akauliza nimelipa kodi kiasi gani mwaka jana. Sijalipa, mshahara wangu ni wa mkononi na ni mdogo mno. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba punguzo huondolewa kwenye kodi ambayo mtu anadaiwa. Asiyedaiwa hana kinachopunguzwa. Tena kwa chaja za nyumbani yeye hajui punguzo lolote. Mama wa namba nne atakuwa ameandika sanduku lile kama mali ya kampuni inayochakaa.

Nikafikiri haraka. Nikamwomba aniandikishe leo hii nianze kulipa kodi, ili nipate cha kusamehewa.

Akawaita wenzake wawili waje wasikie. Mmoja akaniomba nirudie. Nikarudia vizuri, nikidhani wanaandika.

Wamenificha, hilo ni wazi. Mtu wa kaunta hakupi kitu siku ya kwanza, hata kwetu ni hivyo. Nimerudi kwa miguu hadi Bertrams. Roho imeniuma njia nzima, sijui kwa nini, maana mpango bado uko palepale.

Jumamosi, 9 Machi

Barua ya mwenye nyumba inatakiwa. Mwenye nyumba ni mama mmoja mzee anayekaa Durban. Anayemsimamia hapa ni Égide, Mrundi, mpangaji mkubwa, anayekaa vyumba vya mbele na kutupangia maisha. Ameweka sheria kwamba wapangaji wote wachemshe maji kwa zamu, birika moja tu kwa wakati. Ukuta wa jikoni una ratiba ya mabirika kwa mwandiko wake. Mimi nimepewa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mtu mzima nina zamu ya birika.

Égide ana gari. Toyota kuukuu, mlango mmoja wa rangi nyingine. Kila Jumamosi analiosha taratibu kama anamwogesha mtoto, na sisi wote tunapita pembeni kulikwepa povu. Nikaenda kumwomba barua. Sikupenda.

Hakuacha kuosha. Akasema, "Mon frère, ndugu yangu, nyaya za nyumba hii zimezeeka kuliko mimi na wewe. Zinavumilia tu." Akaongeza kwamba gari la umeme lingekunywa umeme wa mtaa mzima, na kwamba nimsalimie Mama Chloé.

Wivu mtupu. Anaogopa uani kusimame gari lisilohitaji kusukumwa asubuhi.

Mchana nikashuka mjini kwa mchonga mihuri anayekaa karibu na maduka ya jumla. Muhuri wa duara, nyota katikati: COORDINATION DES LOGEMENTS, VU ET APPROUVÉ, yaani Uratibu wa Makazi, Imeonwa na Kuidhinishwa. Akanipendekezea wa mraba, nikakataa. Muhuri wa mraba hakuna anayeuogopa. Jioni nimeandika barua ya ridhaa mwenyewe, kwa niaba ya nyumba, nikaigonga mihuri mitatu. Imependeza sana. Nimeitazama muda mrefu.

Jumatano, 13 Machi

Siku kubwa. Nimefungua faili.

Chloé, ambaye ana miaka kumi na sita na hujibu Kiswahili chetu kwa Kiingereza, alinisaidia kusoma fomu jana. Akaniambia fomu inataka cheti cha fundi umeme aliyesajiliwa. Sina. Nikaweka muhuri mahali pa cheti. Akafunga macho. Mtoto wa kizazi hiki hajui thamani ya muhuri.

Ukurasa wa tatu ndio uliofungua moyo wangu. Unauliza idadi ya wakazi na vifaa vyote vya umeme vilivyomo nyumbani. Hapo nikajua niko kwenye uwanja wangu.

Mwaka 2001 tulivuka kwenda Zambia, mimi na Léocadie, watu wawili. Kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi niliandikisha tisa. Tulipewa unga wa watu tisa kwa miezi kumi na minne. Ni jambo pekee maishani mwangu lililokwenda kama nilivyolipanga. Léocadie alikuwa akigawa nusu ya unga kwa majirani kila mwezi, mpaka leo hajanieleza sababu. Lakini mimi somo nililishika: ofisi humpa mtu kwa kipimo cha mahitaji aliyoyaandika. Ukiandika mahitaji madogo, wanakusahau.

Kwa hiyo sikuandika mashine tatu. Niliandika kumi na mbili. Majiko ya umeme sita. Pasi tisa. Hita za maji nne. Mabirika kumi na tano, hilo nililiandika nikimfikiria Égide. Mashine za kukausha nywele saba. Wakazi thelathini na mmoja, magari mawili ya umeme. La pili ni la Mama Chloé. Nilitaka kumshtukiza.

Bwana wa kaunta alisoma ukurasa wa tatu mara mbili. Akanitazama. Akapokea. Amenipa nambari ya faili na nimeiandika nyuma ya picha ya harusi yetu isipotee.

Jumatatu, 18 Machi

Umeme unakatwa kwa zamu nchi nzima tangu Jumamosi. Leo Bertrams tumekaa bila umeme kwa muda wa saa mbili na nusu asubuhi, na nyingine mchana. Kazini geti nalisukuma kwa mikono. Gari la namba nne limelala kwenye sanduku lake halina chaji, mama amekwenda ofisini kwa teksi ya abiria na hakunisalimia.

Mama Chloé anashona kila umeme unaporudi. Amemaliza majoho kumi na manne. Vidole vimevimba. Leo nimemkuta ameketi mbele ya mashine iliyozimika, mikono juu ya kitambaa, anasubiri. Nikatamani kumwambia kitu cha kumtia moyo. Nikamwambia kuhusu nambari ya faili. Akaanza kuchomeka pini.

Saa tisa simu ikaita. Ofisi ya umeme. Faili langu limesomwa na mkubwa wao mwenyewe, na Jumanne ya wiki ijayo watamtuma mkaguzi nyumbani. Mkubwa mwenyewe! Faili la mama wa namba nne lilisomwa na karani tu, nina hakika.

Alhamisi, 21 Machi

Sikukuu ya taifa. Nilipaswa kupumzika. Nimeketi kitandani tangu asubuhi.

Nilikuwa nimesahau kwamba mkaguzi hukagua. Atahesabu.

Ila hata hili si geni. Zambia nako walituma watu kuhesabu, mwezi wa tano. Tuliazima watoto saba kutoka safu ya pili ya mahema, tukawapanga mlangoni kwa urefu. Mmoja, wa miaka kama mitatu, alimwita Léocadie mama siku nzima, na jioni akakataa kurudi kwao. Ilibidi abebwe akilia. Wakati ule hatukuwa na mtoto bado. Léocadie hakula siku mbili.

Sijui kwa nini nimeliandika hilo. Nilitaka kusema tu kwamba kuazima kunawezekana. Mabirika hayalii.

Jumatatu, 25 Machi

Nimebeba vitu tangu asubuhi, mgongo umekwisha. Kazini nimewaambia naumwa, na sasa ni kweli.

Angélique wa saluni, jirani wa ukuta mmoja, rafiki wa Mama Chloé, amenipa mashine zake nne za kukausha nywele, zile za kuvaa kichwani. Nilimwambia ni za maonyesho ya kanisa. Mama wa spaza, kile kiduka cha kona, amenipa majiko mawili. Kwa Watanzania wa mtaa wa nyuma nimepata pasi tano na mabirika saba. Cherehani sikupata hata moja. Waliokuwa nazo wote waliuliza kama Mama Chloé anajua.

Mama Chloé amesimama mlangoni mwa gereji akitazama vitu vikiingia. Ana majoho thelathini sasa, yamepangwa kwenye kamba, meupe yenye ukosi wa zambarau. Akaniuliza vitu hivi ni vya nini. Nikasema ni vya kuhesabiwa. Akasema, kwa sauti ya chini, "Papa Chloé, tafadhali. Si kwenye soketi zangu."

Nikamwahidi.

Jumanne, 26 Machi

Naandika kwa mwanga wa dirisha. Nitaandika kama ilivyotokea.

Mkaguzi alifika saa nne. Bwana Mabaso, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Égide alikuwa kazini. Umeme ulikuwepo, zamu yetu ya kukatwa ilikuwa mchana. Nikaona vitu vikiwa vimezimwa vitaonekana vya kuazima. Nikaviwasha. Vyote. Jikoni, koridoni, chumbani kwetu. Majiko yakachemsha maji matupu. Nyaya za kurefusha nilizitoa kwa Watanzania. Soketi zikaisha. Zilibaki mbili tu, za gereji, na Mama Chloé alikuwa amekwenda kununua uzi. Nikazitumia pia.

Bwana Mabaso alipita chumba hadi chumba na kalamu yake. Alisimama mbele ya mashine za kukausha nywele zikivuma bila kichwa ndani. Akauliza wakazi thelathini na mmoja wako wapi. Nikasema kazini. Akauliza magari. Nikasema yako kwenye faili.

Akasema, "Eish, baba." Akaomba kuona sanduku la fyuzi.

Liko chini ya ngazi. Sijawahi kulifungua. Ndani kulikuwa na nyaya za vitambaa, za enzi gani sijui, na nyingine zimefungwa kwa mifuko ya plastiki. Bwana Mabaso akarudi nyuma hatua moja, akanishika na mimi mkono akanivuta. Wakati huo likalia. Mlio mmoja mkavu. Kisha harufu, kisha moshi, kisha nyumba nzima kimya. Na kutoka gereji nikasikia sauti nyingine ndogo, kama mtu anayeshusha pumzi.

Ilikuwa overloki. Mota imeungua. Joho lililokuwa chini ya sindano lilishika moto ukosini, na yale ya jirani yake kwenye kamba yamepata moshi. Bwana Mabaso aliuzima moto kwa koti lake mwenyewe.

Baadaye alitoka barabarani, akakata umeme kwenye nguzo, akafunga lakiri nyekundu. Akaniambia, bila hasira, kwamba fomu isiyo na cheti cha fundi wao huirudisha tu kwa posta na mtu anaendelea na maisha yake. Kilichomfanya mkubwa amtume ni ukurasa wa tatu. Walidhani kuna kiwanda cha mikate kinachojificha kwenye nyumba ya familia moja. Sasa ameshaiona hali ya nyaya hizi, hawezi kujifanya hakuziona. Zinaweza kuua watu usingizini. Umeme hautarudi mpaka mwenye nyumba abadilishe nyaya zote.

Mama Chloé alirudi akakuta moshi. Aliingia gereji. Alikaa humo muda mrefu, uzi mkononi. Nikasimama nje. Nilitamani anitukane.

Jumatano, 27 Machi

Égide hakupiga kelele. Hilo limeniudhi kuliko yote. Aliketi kwenye ngazi na suti yake ya kazi, akasema kwamba miaka miwili amekuwa akimwandikia mama wa Durban kuhusu nyaya hizo. Mama hakuwahi kujibu. Akaona dawa pekee ni watu wachemshe maji kwa zamu, nyumba isiungue. Aliwauliza wapangaji wote jana jioni kama kuna aliyeumia, mmoja mmoja.

Leo mama wa Durban amejibu kwa mara ya kwanza. Hatatengeneza. Atauza. Wote tuhame mwisho wa mwezi wa nne.

Wapangaji hawanisalimii. Nimerudisha mabirika peke yangu, kwa safari nne. Mawili yalikuwa yameungua na maji yalikuwa yameisha ndani. Mama wa spaza alipokea majiko yake bila kunitazama.

Sipendi kuandika hili. Chloé aliniuliza, kwa Kiswahili, kwa nini nilimwahidi mama yake. Ni sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia kwa Kiswahili. Nilimwambia aende akasome.

Jumamosi, 30 Machi

Mama Chloé amehama.

Dada wa Angélique wa saluni ana duka dogo huko Diepsloot, mbali nje ya mji, na nyuma ya duka kuna chumba chenye umeme. Égide alimbebea mashine mbili na majoho kwenye Toyota yake, bure, mlango wa rangi nyingine umefungwa kwa kamba. Overloki iliyoungua imebaki. Mama Chloé alisema hana nafasi ya kitu kisichofanya kazi. Nadhani alikuwa anasema overloki.

Chloé amekwenda naye. Shule imemruhusu achelewe, maana atapanda teksi mbili kila asubuhi.

Nilisimama getini, nikawafungulia. Kazi ninayoijua. Léocadie alitoa mkono dirishani akanigusa bega, halafu gari likaondoka. Nimelia. Kidogo, nikiwa nimegeukia ukuta.

Gereji sasa ni tupu, isipokuwa overloki. Ukuta unaonekana wote.

Jumapili, 7 Aprili

Kanisani. Jengo la zamani la ofisi mjini, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi. Kiongozi wa kwaya alitangaza kwamba majoho yatakuwa tayari kwa Matawi, Mama Chloé amemthibitishia. Anamalizia ukingo kwa mkono yale yaliyokuwa ya overloki. Yaliyopata moshi ameyafua mara tatu. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Yeye alikaa safu za mbele, amekonda. Baada ya ibada nilimfuata. Tulisimama kwenye ngazi. Nikamuuliza Diepsloot kukoje. Akasema kuna kelele lakini umeme ni mzuri. Akaniuliza nakula nini. Nikasema mkate. Akafungua mkoba akanipa samaki wa kukaanga kwenye karatasi, alikuwa amemleta kwa ajili yangu. Tangu yule samaki nimekuwa na matumaini tena.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika nikiwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Mama Chloé ametuma ujumbe. Nauandika wote: "Papa Chloé, majoho yameisha. Jumamosi saa nne asubuhi Égide ataleta gari hapa Diepsloot tuyapeleke kanisani. Yeye ana mkutano, atatushusha tu mlangoni, hawezi kubeba hadi ghorofani. Uje unisaidie. Baadaye tutarudi na wewe. Chumba ni kidogo lakini nimeongea na dada, kitanda kinaingia. Chloé amekuulizia. Usilete faili. Njoo tu wewe. Ukishindwa Jumamosi hii nijue tu, nisiendelee kukutengea nafasi."

Nimeusoma mara sita. Mke wangu bado ananitaka. Nilikuwa nimekata tamaa bure.

Tatizo ni tarehe. Jana mama wa namba nne alinipa karatasi aliyoletewa kazini: Jumamosi hii, saa tatu hadi saa saba, Newtown, kuna mkutano wa wazi kuhusu hita za maji za jua. Watu wa mji watakuwepo, na fomu. Hita ya jua haigusi nyaya kabisa! Inakaa juu ya paa, inachemsha maji yenyewe, hakuna fyuzi, hakuna Égide, hakuna zamu ya birika. Na nyumba hii itauzwa, maana yake mnunuzi atahitaji mtu aliyekwisha kufungua faili la paa. Nikiwa na nambari, atalazimika kuzungumza na mimi. Naweza hata kubaki kama msimamizi. Mama Chloé angerudishiwa gereji yake, yenye dirisha.

Kwaya ina vijana kumi na sita wenye afya. Majoho hayana uzito. Diepsloot itakuwa palepale Jumapili, na Jumatatu pia. Fomu wamesema zipo mia mbili tu, atakayechelewa hapati.

Nimemjibu kwamba Jumamosi nina shughuli muhimu inayohusu maisha yetu wawili, nitamweleza tukionana. Alama mbili za bluu zimetokea papo hapo, maana yake amesoma. Aliandika kitu, akaacha. Akaandika tena, akaacha.

Hajajibu. Nadhani ameelewa.